Jinsi nilivyorudisha usingizi wa watoto likizo ya baridi ikikaribia

Desemba ilipokaribia, wanangu walianza kukesha. Giza liliingia mapema, baridi ikatufungia ndani, na hamu ya likizo ikawachangamsha hadi usiku. Kuwalaza mapema hakukusaidia. Waligaagaa tu kitandani.

Dawa ilikuwa mwanga wa asubuhi. Saa ya mwili hujipanga kwa mwanga, na kaskazini mwa dunia mchana huzidi kufupika hadi tarehe 21 Desemba hivi. Basi nawavika makoti, kofia na glavu, tunatoka hata kukiwa na mawingu, maana mwanga wa nje bado huzishinda mbali taa za ndani. Wanaruka, wanapiga kelele, nafurahi kuwaona! Jioni nazima runinga na kupunguza taa.

Sasa wanalala kwa wakati, na mkubwa ndiye anayenikumbusha tutoke.