Siku moja kwenye mto wa mpakani, plastiki ikiwa njiani kuelekea baharini

Saa 11 alfajiri. Kazi huanza na ujumbe wa simu. Wenzetu wa nchi ya juu waliandika saa 2 usiku: mvua kubwa, maji yamepanda, taka zimeanza kupita kituoni kwao. Kutoka kwao hadi kizuizi chetu cha kunasa taka ni kilomita 54. Mkondo ukienda mita 1 kwa sekunde, taka zinazoelea huchukua saa 15, kwa hiyo tunazitarajia saa 5 asubuhi.

Maji yenyewe yatapanda mapema zaidi, maana wimbi la mafuriko hukimbia kuliko maji yanayolibeba. Hapo ndipo ugomvi wa mipakani unapozaliwa. Taka zinazotangulia si za jirani. Ni zetu, zilizong'olewa kwenye kingo zetu maji yalipopanda. Asiyeandika muda atamlaumu wa juu kwa uchafu wake mwenyewe.

Saa 12 na nusu. Kukagua kizuizi kinachoelea: maboya, minyororo, nanga, na pazia linaloning'inia chini yake majini. Kizuizi hulazwa mshazari ili mkondo usukume taka hadi ukingoni penye eneo la kuopolea, na mkondo ukiwa mkali zaidi, mshazari nao huzidi. Kikikata mto moja kwa moja hufanya tumbo katikati, taka hurundikana hapo, kisha maji huzivuta chini ya pazia. Magogo huondolewa kwanza. Gogo moja lililonasa linatosha kukata mnyororo.

Saa 2. Kuhesabu darajani, timu mbili, nchi mbili, fomu moja. Daraja hugawanywa vipande vya mita 10, kila kimoja dakika 5, na huhesabiwa vitu vinavyozidi sentimita 2.5. Vitu 12 katika dakika 5 ni 144 kwa saa kwenye kipande hicho. Muda huandikwa kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, kwani saa za nchi mbili zinaweza kupishana, na kosa la saa moja huharibu hesabu yote ya asubuhi.

Darajani tunaona uso wa maji tu. Chupa ya PET (plastiki ya chupa za maji na soda) yenye kifuniko huelea kwa hewa iliyomo. Isiyo na kifuniko hujaa maji na kuzama, kwa sababu PET yenyewe ni nzito kuliko maji. Mifuko ya polithini huelea, ila ikishika tope nayo hushuka.

Saa 4. Wavu wa vipande vidogo, wenye matundu ya mikromita 300. Mdomo una upana wa mita 0.6 na umezama mita 0.2, mita ya mkondo (kifaa kinachozungushwa na maji yanayopita) ikionyesha mita 500, maji yaliyochujwa ni mita za ujazo 60. Mita ikianza kuzunguka polepole ilhali mkondo haujapungua, wavu umeziba kwa majani. Utoe mara moja.

Saa 5. Zimefika. Saa tatu za kuopoa bila kupumzika. Kila kitu hutolewa maji yaliyomo kabla ya kupimwa uzito, la sivyo tunapima mto. Lebo tunazisoma, lakini hatuzifanyi ushahidi: lebo hueleza bidhaa ilikotengenezwa au kuuzwa, haisemi ilitupwa wapi. Muda wa kufika na hesabu ya kituo cha juu vina uzito zaidi.

Saa 9 alasiri. Mtambo wa kurejeleza ulio karibu uko ng'ambo ya mpaka, kilomita chache tu. Hata hivyo lori haliondoki. Tangu tarehe 1 Januari 2021, marekebisho ya Mkataba wa Basel, mkataba wa kimataifa wa usafirishaji wa taka kati ya nchi, yanataka plastiki chafu iliyochanganyika isivuke mpaka bila idhini ya awali ya nchi inayoipokea. Plastiki safi, iliyotenganishwa kwa aina na inayokwenda kurejelezwa, haihitaji idhini hiyo. Kwa hiyo tunaosha na kutenganisha upande wetu, na maombi ya idhini kwa zilizobaki hupelekwa kabla ya msimu wa mvua. Wanaosubiri mafuriko ndipo waombe hujikuta na rundo linalorudi mtoni kwa mafuriko ya pili.

Mazungumzo ya mkataba wa dunia kuhusu plastiki, yaliyoanzishwa kwa azimio la Nairobi la Machi 2022, yaliahirishwa Geneva Agosti 2025 bila makubaliano. Inauma. Fomu ya pamoja, hata hivyo, haihitaji kusubiri mkataba huo.

Saa 12 jioni. Ujumbe kwa nchi ya chini: kina cha maji, kasi, saa ya kilele kwa UTC, kiasi tulichoopoa, na makadirio ya kilichotupita.