Raba nyepesi zilizonichuna kisigino
Nilinunua raba za kukimbilia, nyepesi mno, kitambaa chake kimefumwa kwa nyuzi za chupa za plastiki zilizorejelezwa. Sebuleni zilinikaa vizuri. Kesho yake alfajiri nikapanda nazo barabara ya Mweka, na hata migomba sijaifikia, kisigino cha kulia kinachezacheza ndani. Kuteremka kurudi Moshi mjini kukamalizia kazi: lengelenge kama sarafu ya shilingi 100, soksi ina damu.

Nikajaribu soksi mbili. Upuuzi mtupu, vidole vilibanwa, kisigino kikaendelea kucheza.

Dawa ilikuwa kwenye kile kitundu cha mwisho cha kamba, ambacho wengi wetu hatukigusi. Ingiza kamba humo upande uleule iliko, ibakie kitanzi kidogo. Kisha pitisha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, ndipo ufunge. Kitambaa laini namna hii hakishiki kisigino chenyewe. Lazima kamba ishike.

Nilipumzika siku nne ngozi ipone. Jumamosi nikaenda Mweka na kurudi, kisigino kimetulia tuli. Vumbi tu ndilo limegoma kutoka. Nani alinituma kuchagua nyeupe?