Siku moja maishani mwangu: fundi, dayathemi na robo kilo ya steki

Saa 12:40 asubuhi. Kabla ya kazi napitia bucha Mwanga kununua robo kilo ya steki isiyo na mafuta. Mwenye bucha zamani aliuliza napika nini asubuhi yote hiyo. Sipiki. Mimi ni fundi vifaa tiba katika hospitali moja hapa Kigoma, na nyama hii ni ya ofisini.

Saa 2:00. Sista wa thieta ananingoja mlangoni. "Fundi, dayathemi yako haikati. Jana daktari kapandisha mpaka wati 60." Dayathemi ni mashine ya upasuaji inayokata nyama na kuzuia damu kwa umeme. Ikiharibika ni yangu, ikipona ni ya hospitali.

Saa 2:30. Nafungua. Mashine yenyewe nzima. Kinachosumbua ni waya wa pleti, ambao nyuzi zake zimekatika ndani ya ganda, karibu kabisa na plagi. Umeme unaoingia kwa mgonjwa kupitia ncha ya kalamu, yaani kisu chenyewe, unatoka mwilini kupitia pleti pana iliyobandikwa pajani, na njia hiyo ikibana, kalamu inalegea. Halafu ncha nayo ina masizi ya jana, na kuna mtu ameikwangua kwa wembe. Jamani, msikwangue! Mikwaruzo ndiyo inayoshika masizi zaidi.

Saa 4:00. Nimebadilisha waya, sasa jaribio. Steki naitandaza juu ya pleti. Wati 30 upande wa kukata: mstari safi, ukingo umepauka kidogo tu. Wati 60 upande wa kugandisha damu: cheche, weusi, harufu ya mishikaki mpaka kijana wa stoo anachungulia. Napima kwa rula, na sehemu iliyopauka imepanuka zaidi ya mara mbili. Nyama huanza kubadilika rangi kwenye nyuzi joto 60 za Selsiasi hivi, kwa hiyo weupe huo unaonyesha joto lilipofika, mbali na pale kalamu ilipogusa. Namwita sista aone. Anatazama rula, ananitazama mimi, anasema atamwambia daktari.

Saa 7:30 mchana. Kwa mama ntilie, ugali wa muhogo na mgebuka. Namkuta mzee wa mtaani kwetu, mstaafu wa reli, aliyefanyiwa baipasi ya moyo Dar, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu wewe wa mashine nieleze." Anakunja shati. Kovu limepanda kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. "Moyo uko kifuani. Mkono umekosa nini?"

Namwambia mkono una ateri mbili kubwa, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni; moja ikichukuliwa kuwa njia mpya ya damu ya moyo, nyingine inalisha kiganja. Anapiga meza. "Ndiyo maana walinikunjisha ngumi, wakanibana hapa, wakaachia upande mmoja wakatazama kiganja kama kinarudisha wekundu!"

Saa 9:00 alasiri. Oksijeni, taa, makaratasi.

Saa 3:00 usiku. Darasa la mtandaoni kwenye simu, nalo ndilo nililolisubiri tangu asubuhi. Leo ni uvunaji wa ateri ya kifuani kwa ajili ya baipasi, ile inayopita nyuma ya mbavu kando ya mfupa wa kati. Unene wake ni kama milimita mbili, na ina vitawi vingi vya kukatwa kimoja kimoja. Joto likifika kwenye utando wake wa ndani, ateri inajikaza, au damu inaganda humo baadaye. Na ateri hii ikivunwa vizuri, nyingi hubaki wazi hata baada ya miaka 10. Veni ya mguu, mshipa mwingine unaotumika kwa baipasi, haifikii kiwango hicho.

Kwa hiyo wametengeneza visu vya joto dogo. Kimoja kimezungushiwa kihami, yaani kizuia umeme, pande zote, kimeachwa ukingo mwembamba tu, na umeme unatoka kwa midundo mifupi sana, hivyo nyama inapata nafasi ya kupoa katikati. Kingine hakipitishi umeme mwilini kabisa: ncha yake inatetemeka mara 55,500 kwa sekunde. Daktari wa upasuaji wa ubongo, Cushing, alipotumia dayathemi iliyotengenezwa na Bovie kule Boston mwaka 1926, hoja ilikuwa kuzuia damu tu. Sasa wanabishania nusu milimita ya weupe, kama mimi na rula yangu.

Umeme unakatika katikati ya swali langu. Ndipo nakumbuka steki. Nimeiacha ofisini, juu ya meza, na funguo ninazo mimi.