Patisheni ya D, waja leo waondoka leo

IMEKUBALI. Saa nane usiku hapa Ngamiani, Tanga, umeme ulikatika mara mbili jioni, chai imepoa mezani na D, ile sehemu ya diski yenye picha zetu, inaonekana kwenye Windows, nimerestati mara sita kuhakikisha na bado ipo. Wiki mbili na nusu jamani, kwa kitu ambacho nilikifanya mwenyewe, ngoja nieleze.

Laptopu ni ya zamani, hadidiski ya GB 500, bado MBR (mtindo wa zamani wa kugawa diski). Ina mifumo miwili, Windows na Ubuntu (Linux). sda1 Windows 10, sda2 Ubuntu, sda3 ndio D yenyewe, NTFS (mfumo wa faili wa Windows), humo kuna picha za harusi ya dada na rekodi za babu akisimulia maisha ya shamba la mkonge. Ubuntu inaiona freshi. Windows haioni kitu, ukienda Disk Management ipo pale haina herufi, ukiibonyeza kulia haikupi cha maana.

Kwanza nikadhani ni ile Fast Startup ya Windows, ya kuwasha haraka, inayoacha NTFS nusu imelala, nikaizima kwa powercfg /h off. Haikuhusu, ila izimeni tu, kwa mtu mwenye mifumo miwili ile kitu ni balaa.

Halafu nikacheki aina ya patisheni, yaani namba inayosema ni ya nini, kwa fdisk ya Ubuntu, nikakuta 17. Hapo nikacheka, maana 17 ni 07 iliyofichwa, NTFS ileile imevishwa baibui. Nikaingia Diskpart ya Windows, select partition 3, set id=07 override, dakika moja D ikatokea. Nikamwita mama aje kuona picha, akaangalia tatu akasema mwanangu kesho basi, nina usingizi. Kesho yake nawasha, D hakuna. Fdisk inasema 17.

Nikarudisha 07 kwa GParted (programu ya Ubuntu ya kupanga patisheni), pale kwenye flags unatoa tiki ya hidden. Ikarudi 17. Nikarudisha kwa sfdisk, ikarudi 17. Tanga yetu waja leo waondoka leo, na hii D nayo imeamua kufuata msemo wa mji. Nikamlaumu fundi aliyenisafishia feni mwezi uliopita, nikasema lazima kagusa kitu (nisamehe fundi), nikalaumu antivirusi, nikaing'oa. Bado.

Nikachoka kuamini programu, nikaenda kwenye baiti yenyewe. MBR ina baiti 446 za kodi, halafu mistari minne ya patisheni, kila mmoja baiti 16, na aina inakaa nafasi ya 4 ndani ya mstari. Kwa patisheni ya tatu piga hesabu unapata 482:

sudo dd if=/dev/sda bs=1 skip=482 count=1 | xxd

Hapo hakuna wa kukudanganya, ni baiti moja tu. Nikaanza kuandika kwenye daftari kama muuza duka: nimetoka Ubuntu nikarudi Ubuntu, 07. Nimezima kabisa nikawasha Ubuntu, 07. Nimepitia Windows nikarudi, 17. Kila nikipitia Windows, 17. Basi nikaapa ni Windows, nikashinda siku nne nzima nahangaika na rejista na task scheduler nikitafuta nani anaificha. Siku nne!

Jana ndio ikaniijia akili nyingine. Nikaweka 07, nikarestati, kwenye menyu ya GRUB (ile inayokuuliza uwashe Windows au Ubuntu) nikachagua Windows, na ile nukta tu skrini inakuwa nyeusi nikaikandamiza batani ya pawa mpaka ikazima, Windows haijapata hata nafasi ya kupumua. Nikawasha Ubuntu, dd, 17.

Kwa hiyo Windows hana kosa, ni GRUB. Nikapiga grep -r hidden /etc/grub.d na 40_custom, faili la mipangilio unayoiongeza mwenyewe, ikanijibu:

# dogo asiguse
parttool (hd0,msdos3) hidden+

Yaani ficha patisheni ya tatu. Mwandiko wangu. Mimi huyuhuyu. Zamani mdogo wangu alikuwa anatumia hii laptopu kwa magemu na kufuta vitu ovyo, nikamtengenezea mlango wake wa Windows, yaani chaguo lake kwenye menyu ya GRUB, unaoificha D kabla ya kubuti, na nikauita "Windows 10" tu asishtuke. Mimi nilikuwa napita ule wa os-prober (kiprogramu kinachotafuta mifumo mingine na kuiweka kwenye menyu) wenye mkia wa /dev/sda1. Alipoenda chuo nikarudisha 07 kwa mkono, mlango wake nikausahau. Sasa mwezi uliopita nikapandisha Ubuntu, na GRUB kuanzia 2.06 haimwiti os-prober mpaka umruhusu mwenyewe, kwa hiyo mlango wangu ukafutika ukabaki wa dogo, na mimi kila siku naingia kwa mlango wa dogo nafichiwa vitu vyangu. Na update-grub ilinionya kabisa kwamba os-prober haitaendeshwa, nikapita kama sijasoma.

Dawa ilikuwa herufi moja, hidden+ nikaifanya hidden-, sudo update-grub, basi. Nimempigia dogo kumwambia, kacheka mpaka simu ikakatika, akasema kaka mimi nilijua siku nyingi, nilikuwa naingilia Ubuntu naangalia picha kama kawaida. Kumbe nilikuwa nalinda mlango na dirisha liko wazi.

Kuhusu zana: GParted nzuri kwa macho, ila kwa kesi kama hii fdisk -l na dd ndio wenye ukweli. Diskpart naiheshimu lakini siipendi, ukikosea namba ya diski haikuulizi mara mbili.

Mpango ulikuwa nikimaliza hili nihamie SSD na kubadili kuwa GPT (mtindo mpya wa kugawa diski), SSD yenyewe iko kwenye boksi tangu mwezi uliopita. Ila usiku huu nimefungua rekodi moja ya babu kujaribu kama inacheza, anasimulia jinsi singa za mkonge zinavyoanikwa, nyuma jogoo anawika na bibi anamkatiza kumsahihisha, nimesikiliza dakika arobaini. Sasa nipo kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, napunguza mvumo wa upepo. Ziko faili 31, nimefika ya pili.