Siku Roboti Ilipojisahau

Pasaka ile kiwanda kilizimwa chote. Transfoma ilikuwa inabadilishwa, kwa hiyo swichi kuu ilishushwa Ijumaa Kuu, ikapandishwa Jumanne alfajiri. Mimi nilikuwa fundi wa zamu katika kiwanda kimoja cha soda kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, upande wa mwisho wa laini, pale kreti zinapopangwa kwenye paleti zipelekwe ghalani. Kazi hiyo ilifanywa na roboti moja ya Fanuc, aina ya M-410, njano tupu kama roboti nyingi za kampuni hiyo.

Niliwasha. Mikanda ikaitika, mashine ya kujazia ikaitika. Roboti ikatoa alamu: SRVO-062, BZAL, yaani betri zake zimefika sifuri.

Kila mota ya roboti ina enkoda inayohesabu mizunguko, na kwa hesabu hiyo roboti hujua kila kiungo kimekunjwa kiasi gani. Umeme ukizimwa, hesabu hutunzwa na betri nne zilizo kwenye kitako, betri kubwa za kawaida, zile za tochi na redio. Zinatakiwa kubadilishwa kila mwaka, tena umeme ukiwa umewashwa. Ombi letu la betri lilikuwa limelala ofisi ya manunuzi tangu kabla ya Krismasi. Zile kuukuu zikakata roho katikati ya sikukuu. Roboti ilikuwa imesimama vilevile tulivyoiacha, haijasogea hata unywele, ila haikujua tena mkono wake uko wapi.

“Tuwaite wenyewe?” msimamizi akauliza, jasho linamtoka.

Wenyewe, yaani Fanuc, wako Oshino, Japani, chini ya Mlima Fuji. Kampuni ilianzia ndani ya kampuni nyingine, Fujitsu, mwaka 1956 chini ya mhandisi Seiuemon Inaba, ikajitegemea 1972, na huko kwao roboti ndizo zinazounda roboti, sehemu nyingine gizani kwa sababu mashine hazihitaji taa. Kwetu taa zilizimwa siku nne tu, na yaliyotokea ndiyo hayo.

Nikamwambia asipige simu popote, anitafutie betri. Kijana wa stoo akazinunua duka la pembeni kwa fedha zake.

Wakati huo malori yalikuwa yamepanga foleni, na msimamizi akaita vibarua waliokuwa wakikaa getini kusubiri bahati. Baadhi yao ndio waliokuwa wakipanga kreti kabla roboti haijaletwa. Waliingia bila kuuliza wapi pa kuanzia. Wawili wanapokea mkandani, wawili wanapanga, tabaka la pili linalalia maungio ya la kwanza ili mzigo usifunguke njiani. Hakuna aliyewapa ramani.

Mimi niliingia ndani ya uzio na rimoti mkononi. Nyuma yake kuna swichi ambayo ukiiachia roboti inasimama, na ukiiminya kwa woga kupita kiasi inasimama vilevile. Lazima vidole vitulie katikati. Nilifuta alamu, nikazima na kuwasha, nikachezesha kila mhimili kidogo mpaka enkoda zikaanza kuhesabu upya. Kisha ikaja kazi yenyewe. Kila kiungo kina alama mbili zilizochongwa kwenye chuma, moja upande huu, nyingine upande ule. Zikikutana, hapo ndipo sifuri. Nilipiga magoti na tochi, nikapangusa vumbi na grisi kwa kitambaa, nikawa nasogeza kwa mwendo wa kinyonga. Mkono wa mashine ile unapita mita 3. Ukikosea digrii moja kiunoni, ncha inakosea zaidi ya sentimita 5, na kreti inaangukia sakafuni. Mihimili yote minne ilipokaa sawa, nikaithibitisha sifuri, nikaijaribu na kreti tupu. Iliweka pembeni kidogo. Nikarudi kwenye kiuno, nikasahihisha, ikaweka sawasawa.

Laini ilirudi mikononi mwake alasiri. Vibarua walipewa ujira wa siku nzima, na mzee mmoja kati yao akaja mpaka kwenye uzio, noti bado ziko mkononi.

“Fundi, hizo betri mpya zinakaa muda gani?”

“Mwaka, mzee.”

“Basi mwakani, mwanangu, usiwe na haraka.”