Tanga likishaanuliwa

Siku za mwanzo mfiwa hakosi watu: turubai lipo, majirani wanapika, mikeka imejaa. Tabu huanza tanga likishaanuliwa, ndugu wamepanda mabasi na masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe.

Kwa hiyo kabla kamati ya msiba haijavunjwa, pangeni zamu. Watu watano au sita wanatosha, kila mmoja na siku yake, kwa miezi 3 hivi. Msimwambie mjane "ukihitaji chochote sema". Hatasema, kwa sababu hata kujua anachohitaji kunamshinda. Mwambie, "Dada, Jumamosi saa nne nakuja kufua." Kisha nenda kweli. Chukua uji mwepesi: kikombe kimoja huteremka pale sahani ya wali inapomshinda. Akinyamaza, kaa naye kimya. Mtaje marehemu kwa jina, maana watu hulikwepa wakiogopa kumtonesha, naye akabaki akidhani mpendwa wake amesahaulika. Na hilo neno "jikaze" liacheni kabisa. Akijikaza mbele yenu, atalia usiku peke yake.

Mjane aliye kwenye eda ana miezi 4 na siku 10, isipokuwa mjamzito, ambaye eda yake huisha akijifungua. Eda haimzuii kutembelewa na wanawake wenzake, basi zamu isikatike baada ya arobaini.

Watoto waambiwe wazi: "Baba amekufa, hatarudi." Ukisema amelala, mtoto ataogopa kulala, ukisema amesafiri, atamsubiri. Akilia kisha akatoka kucheza mpira, msimkaripie. Huzuni ya mtoto huja na kuondoka.

Rambirambi zihesabiwe mbele ya mjane, daftari likiwa wazi, na asisainishwe karatasi yoyote ya mali akiwa bado amechanganyikiwa. Kwa Tanzania, mtu mmoja afuatilie cheti cha kifo RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kutunza muhtasari wa kikao cha ukoo, kwani mahakama itavitaka kwenye mirathi. Siku ya mahakama asiende peke yake.

Machozi yakirudi siku ya Idi au Krismasi, si ugonjwa. Lakini ikipita miezi 6 na bado hawezi kufanya kazi wala kujihudumia, aonwe na mtaalamu wa afya ya akili. Akisema anataka kumfuata marehemu, msiseme ni maneno ya uchungu tu. Ondoeni dawa na sumu ya panya nyumbani, mtu asimwache hata dakika moja, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.