Mie nipo mstari gani?

Tangu Jumatatu neno moja limenikaa rohoni. Nishawahadithia ile kazi nliyopewa, kuunganisha wodi, masomo ya wanafunzi na utafiti wa kichocho viende kwa mpango mmoja. Basi nkachora chati ya Gantt, kila kazi na mstari wake unaoonesha inaanza lini na kuisha lini, ile ilioanzia viwandani Marekani zaidi ya miaka 100 nyuma, nkaibandika wodi ya watoto nimefurahi kweli. Bi Mkubwa muuguzi akavaa miwani, akasoma toka juu mpaka chini, akanambia, "Mwanangu, mie nipo mstari gani?"

Nkamjibu, "Upo kwenye huduma, bibi."

"Huduma ndo nani?" Akaenda zake kubadilisha dripu ya mtoto.

Huduma ndo nani. Nkipika nalisikia, nkiwa kwenye gari ya Mkoani hapa Pemba nalisikia. Bajeti imepita Jumatano, mdogo wangu kaposwa alhamdulillah, na mie bado nipo pale pale ukutani.

Maana mkojo wa kupima kichocho ni vizuri uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndo mayai ya minyoo yake yanatoka kwa wingi. Na nani anambembeleza mtoto akojoe saa hizo? Yeye Bi Mkubwa. Halafu anaandika rejista ya wodi, anasaini daftari la mwanafunzi, anajaza fomu ya utafiti, jina lile lile mara tatu! Tulifundishwa kwenye usimamizi wa miradi utafute kwanza kazi ambayo ikichelewa yote yanachelewa, na mie nliitafuta kwenye kompyuta.

Alhamisi nkarudi na kalamu, nkamwambia bibi nioneshe. Weee! Raundi iishe kabla ya saa nne, kila mtoto kikopo kimoja na namba yake moja, wanafunzi waangalie mayai kwenye darubini pamoja na mtu wa maabara kwa mkojo ule ule, utafiti uchukue majibu ya yule tu ambae mzazi wake karidhia, na mtoto apewe prazikwanteli yake, dawa ya kichocho, bila kungoja fomu ya mtu. Nusu saa tu. Mstari wa kwanza sasa umeandikwa Muuguzi wa zamu. Akautazama, akacheka, "Haya, nimejiona." Mwenzenu machozi yalinilenga.

Saa hizi mvua inapiga Chake na mama kaanika karafuu uani yuko peke yake, nampigia simu hapokei.